Chumba dola 39, ada dola 45

Jamani hebu nisaidieni, hii ada ya rizoti ya hoteli za Marekani ni ya nini hasa? Kabla sheria haijabadilika tulienda Las Vegas mimi na Mama Asha, kutembea tu wala si kamari, nikaona mtandaoni chumba dola 39 kwa usiku nikamwita, Mama Asha njoo uone watu wanagawa vyumba, tukabuku huku tunacheka. Kufika mapokezi dada anatabasamu, "kuna na ada ya rizoti dola 45 kila usiku, na kodi." Yani chenji imeipita noti!

Nikauliza ya nini, akaanza kuhesabu: waifai, jimu, na simu za mezani za humuhumu mjini bure. Sasa dada yangu, Las Vegas nzima simjui mtu nimpigie nani, niipigie hoteli ya jirani niwaulize na wao wanakamua shingapi? Nikamwambia basi toa jimu, toa waifai, toa na simu yenyewe, mi nitalala tu. Eti haiwezekani, ni lazima hata usipotumia. Sasa kitu cha lazima si ndo bei yenyewe hiyo?! Kesho mtaniambia chumba dola 5 alafu kuna ada ya kitanda, ada ya mlango, na ukitaka mlango ufunge useme mapema.

Wenyewe wanajitetea eti wanatukusanyia huduma tusisumbuke kulipia moja moja. Asanteni kwa huruma. Mwaka 2017 mchumi wa FTC, wale wa serikali wanaolinda walaji, alichambua hili jambo akaona kuigawa bei hivyo kunamuumiza mteja, maana kulinganisha hoteli na hoteli kunakuwa kazi, na faida ya kumfidia haionekani. Na hawajasema lingine, bei ndogo inawapandisha juu kwenye mitandao ya kubuku, na kamisheni ya mtandao kwa kawaida ilipigwa kwenye bei ya chumba, ile ada wanatafuna wenyewe. Ujanja wa hali ya juu huo.

Basi Mei 2025 sheria ya FTC ikaanza, hoteli na tiketi za shoo lazima waoneshe bei ikiwa na ada zote za lazima tangu mwanzo. Nikashangilia mpaka jirani akagonga ukuta. Mama Asha akasoma vizuri akaniambia Baba Asha kaa chini, ada hawajaifuta, wameambiwa tu waitaje mapema. Kwa hiyo maumivu ni yaleyale ila unaumia ukiwa kwako sebuleni, na hapo kweli nakubali ni afadhali, maana sebuleni unaweza kughairi.

Na safari hii tumeghairi hoteli. Bei nzima tulipoiona tukafunga simu, tukaomba kochi kwa shemeji San Diego. Ashajibu, anauliza tunakuja wangapi, nyama ya kuchoma analeta nani, na Baba Asha bado anakoroma? Huyo angalau kaweka yote mezani kabla hatujapanda gari.