Hiyo Siyo Akili Mnemba, Shemeji

Jumapili asubuhi nilituma picha moja kwenye grupu la familia, picha ya aurora, ile mianga ya rangi inayocheza angani usiku huku kaskazini. Moja tu. Si kawaida yangu kutuma picha mle, maana kazi kubwa ya grupu lile ni michango ya harusi na salamu za asubuhi zenye maua. Dakika mbili hazijaisha, shemeji yangu wa Morogoro kashajibu: "Hiyo akili mnemba hiyo. Tuambie umetumia programu gani na sisi tutengeneze." Likafuata rundo la emoji za kucheka. Mama yangu mzazi naye kaweka ya kwake.

Picha yenyewe niliipiga usiku wa jana yake, juu ya mto Torne pale Jukkasjärvi, kama kilomita 17 hivi kutoka Kiruna, kaskazini mwa Sweden, ninapoishi. Mto umeganda, unatembea juu yake kama uwanja wa mpira. Kipimajoto cha gari kilisoma nyuzi 33 chini ya sifuri. Nilivua glavu sekunde chache tu kukaza skrubu ya stendi ya kamera, chuma kikaing'ang'ania ncha ya kidole. Nilipovuta mkono, kipande cha ngozi kikabaki kule. Kidole mpaka leo ninapoandika hakina hisia. Programu gani hiyo, shemeji?

Najua wengi wenu mnaifikiria baridi ile kama ya Lushoto iliyozidi kidogo. Haifanani hata chembe. Ukivuta pumzi, vinyweleo vya puani vinaganda na unavisikia vikichoma. Kope zinashikana. Betri yangu ya kwanza ilionyesha asilimia 80, na baada ya picha kumi na mbili kamera ikazima kama nyumba iliyoishiwa luku. Betri haikuwa imekufa. Baridi inaifanya kemia ya ndani iende polepole mno, umeme unagoma kutoka. Ukiirudisha kwapani kwa muda, inafufuka. Ndiyo maana mpiga picha wa huku anatembea na betri tatu nguoni, zimegusana na mwili, kama mganga na hirizi zake.

Pumzi yako mwenyewe ni adui. Ukipumua karibu na lenzi, mvuke unageuka barafu juu ya kioo na nyota zote zinakuwa pamba. Fokasi nayo kamera haiwezi kujitafutia gizani. Unachagua nyota moja kali, unaikuza kwenye skrini, unazungusha pete ya lenzi kwa vidole visivyosikia kitu mpaka ile nyota iwe nukta, halafu unaibandika pete selotepu isisogee. Na kile kioo cha kulinda lenzi ulichouziwa dukani kwa maneno matamu, kitoe. Mwaka wangu wa kwanza picha zote zilitoka na miduara katikati, kama mtu katupa jiwe bwawani. Nilidhani kamera ni mbovu. Kumbe kijani cha aurora, kinachotoka kwenye oksijeni, kina urefu mmoja tu wa wimbi, nanomita 557.7, na mwanga wa namna hiyo ukigongana kati ya nyuso mbili za kioo hicho tambarare unachora duara juu ya duara.

Ukirudi nyumbani usidhani umepona. Kamera iliyoganda ukiingiza sebuleni inatoka jasho kama chupa ya soda iliyotolewa frijini saa saba mchana Tanga, na jasho hilo linaingia mpaka ndani ya lenzi. Dawa yake ni mfuko wa plastiki: unaifunga kamera humo ukiwa bado nje, ndipo unaingia, na unaiacha saa kadhaa bila kuigusa. Ndiyo, mfuko wa rambo, ule tuliopigwa marufuku nyumbani Juni 2019. Ninao mmoja niliokuja nao. Msiniripoti.

Hasira zilinichukua siku mbili na birika kadhaa za chai. Zilipopoa nikaanza kujiuliza swali ambalo sikulitaka: kwani shemeji kakosea nini?

Yeye picha za aurora anazozijua ni zipi? Ni zile za kwenye simu, anga lote kijani cha juisi ya paketi, zambarau pembeni, mwezi mkubwa kama sinia la pilau, na chini nyumba ndogo yenye taa ya njano kila dirisha. Hajaona nyingine. Na hizo hazikutengenezwa na mashine peke yake. Zilianza na sisi wapiga picha, miaka mingi kabla mashine haijajifunza kuchora. Tulikaa mbele ya kompyuta zetu tukakoleza rangi, tukaona watu wanapenda, tukakoleza tena, kama mpishi anayesifiwa viungo mpaka chakula kinakuwa hakiliki. Mashine imekuja kusomea kwetu. Ilichofanya ni kunakili dhambi zetu.

Nami nimo. Nina picha za mwaka 2020 ambazo nikiziangalia leo natamani kuzifuta, ila zilipendwa na watu wengi kuliko zote nilizowahi kuweka, na mimi ni binadamu.

Kwa hiyo niseme jinsi aurora ilivyo kwa macho. Siku nyingi inaanza kama wingu. Mara yangu ya kwanza nilidhani ni moshi wa kiwanda. Ukikazia macho unaona kaukijani kamepauka, kama ganda la embe dodo ambalo bado siku kadhaa liive. Siku ikichachamaa ndipo linakuja pazia lenyewe, linajikunja, linakimbia kutoka upeo mmoja hadi mwingine, na ukingo wa chini unapata waridi, kazi ya naitrojeni. Siku hiyo huhitaji kukoleza chochote, na wala hukumbuki kubonyeza kamera. Nyekundu ile ya juu kabisa macho yangu yameiona mara mbili tu kwa miaka sita. Mei 2024 dhoruba ya jua iliipeleka aurora mpaka kwa watu wasiowahi kuiota, na sisi wa kaskazini tukaibiwa kwa sababu mwezi huo kwetu usiku wenyewe haupo vizuri.

Haya, nakubali, kwa shingo upande: kamera huona zaidi ya jicho. Gizani macho yetu hayajui rangi vizuri, na kamera inakusanya mwanga kwa sekunde tano wakati jicho linakusanya kwa sehemu ndogo tu ya sekunde. Kijani kwenye picha yangu kilikuwa kikali kuliko nilichokiona mtoni. Huo si uongo. Lakini kati ya kile kamera ilichopokea na kile mtu anachokiongeza baadaye kuna ukuta, na wengi wetu tumeuruka usiku tukijifanya haukuwepo.

Kinachoniudhi zaidi ya rangi ni nyota. Mtu akikoleza sana, nyota zinamezwa. Au anabadilisha anga zima, anabandika la kununua. Nimewahi kuona picha iliyoandikwa Norway, milima ya theluji, aurora inawaka, na juu yake Msalaba wa Kusini umekaa umetulia. Msalaba wa Kusini, Norway! Maelfu ya watu wameipenda, hakuna hata mmoja aliyeuliza umefikaje.

Na nyota ndizo shahidi. Picha ya kwanza ya aurora ilipigwa na Mjerumani Martin Brendel huko Bossekop, kaskazini mwa Norway, Januari 5, 1892. Ukiitazama hutaiweka hata kwenye stetasi. Baadaye Mnorwe Carl Størmer akaenda Bossekop hiyohiyo, 1910 na tena 1913, akaweka kamera mbili kwenye vituo viwili vilivyounganishwa kwa simu. Wanapiga sekunde ileile, nyota zilezile zikiwa nyuma. Aurora inaonekana imehama kidogo kati ya picha moja na nyingine, nyota hazijahama, na kwa tofauti hiyo akapiga hesabu ya urefu: ukingo wa chini uko kama kilomita 100 juu ya vichwa vyetu. Picha nyeusi na nyeupe, zenye ukungu. Angebadilisha anga yule mzee, tungejua nini?

Wenye kampuni za utalii wanaouza "uhakika wa aurora", siku yenu ipo. Na wewe unayekuja mtoni na tochi ya simu imewaka, Mungu anakuona.

Shemeji nilimtumia pia picha ya dakika ileile kutoka kwenye kamera ya anga yote ya taasisi ya fizikia ya anga hapa Kiruna, inayopiga usiku kucha bila kumpendelea mtu. Akajibu, "Hata hao si wana kompyuta?" Nikamwacha.

Aliyenimaliza nguvu ni bibi yangu wa Muheza. Hana simu janja. Binti wa mjomba alimwonyesha picha kwa yake, halafu akamrekodi. Bibi wala hakugusia kijani. Nadhani alikichukulia kama mambo ya Wazungu tu. Alisema: "Mwambie mjukuu wangu nimekiona Kilimia chake. Mbona kimepinduka?"

Nikairudia picha. Kweli, kulia kidogo juu ya miti, nyuma ya pazia lenyewe, kile kishada kidogo cha nyota ambacho wakulima wa nyumbani hukitazama kujua msimu. Mimi niliyesimama pale saa nzima sikukiona. Na kimepinduka kweli, maana nyumbani tunakitazama tumeelekea kaskazini, na hapa nilikuwa nimeelekea kusini.

Halafu akauliza swali lake, la mtu aliyelima maisha yake yote: huko kikizama, kinazama kwa jua au kwa mvua?

Nilienda kuangalia kwanza, nisije nikamdanganya. Nikamrekodia: "Bibi, huku kwetu hakizami. Kinashuka upande wa kaskazini mpaka kinakaribia kugusa ardhi, halafu kinapanda tena."

Jibu lilikuja jioni, kuku wanasikika nyuma. Alikaa kimya kidogo kabla ya kusema.

"Hakizami? Sasa watu wa huko wanajuaje siku ya kulima?"