Chujio Lililojitia Ndani

Mhasibu aliniita kwa sauti ya mtu anayedaiwa. Mfumo wetu wa malipo hutuma risiti wenyewe kila jioni, bila mkono wa mtu, naye hakuwa ameziona tangu tuwekewe chujio jipya la barua taka. Alichokuwa akipata kila asubuhi, bila kukosa, ni barua ya mjane wa jenerali anayetafuta mwaminifu wa kumtunzia mamilioni.

"Huyu mama anapitaje," akaniuliza, "na risiti zangu zinazuiwa?"

Swali la haki kabisa. Chujio la aina hii halimjui mtu, linahesabu alama tu. Viungo vingi, alama. Kichwa cha barua chote kwa herufi kubwa, alama. Seva iliyotuma haimo kwenye rekodi ya SPF ya kikoa chenu (orodha ya seva zinazoruhusiwa kutuma barua kwa jina lenu), alama tena. Zikifika kiwango (kwenye SpamAssassin, programu ya kuchuja barua taka, ni 5 usipobadilisha), hukumu imepita. Mjane anaandika kwa adabu, bila kiungo hata kimoja, kutoka akaunti halali. Risiti zetu nazo zinapiga kelele: "HARAKA! THIBITISHA MALIPO! BONYEZA HAPA!" Hata mimi ningezikamata.

Sasa, chujio hilo lilitakiwa kutuletea ripoti kila siku, orodha ya barua lilizozikamata, ili tuachie zilizo halali. Ripoti hiyo hakuna aliyewahi kuiona. Nikaingia karantini, kule zinakofungiwa barua zilizokamatwa. Zote zimo humo, zimejipanga foleni! Nikafungua moja: umeshinda bahati nasibu, dawa za nguvu, saa za dhahabu kwa bei ya kutupa, vichwa vya barua taka vya siku nzima, kila kimoja na kiungo chake pembeni. Chujio lilikuwa limeisoma ripoti yake lenyewe, likashtuka, likaitia ndani. Na katika orodha ya waliokamatwa, chini kabisa: ripoti ya jana. Nikaifungua ya jana. Chini kabisa: ripoti ya juzi.

Mhasibu alicheka mpaka akatafuta kiti. Mimi nikawaandikia waliotuuzia chujio. Kimya. Kesho yake wakapiga simu, sauti imewapanda kidogo: namba ya tiketi ya lalamiko langu walishanitumia, mfumo wao umenikumbusha tena na tena, mbona barua pepe sijibu?