Igizo la usuluhishi lisimalizwe na waigizaji peke yao

Kuna haya maigizo ya elimu yanaletwa mitaani na mashuleni, mume mlevi anampiga mke au majirani wanagombania mpaka wa shamba, halafu mwishoni anatokea mwenyekiti wa mtaa anatoa nasaha, wote wanapeana mikono, muziki unapigwa. Watu wanacheka, wanapiga makofi, wanarudi nyumbani na ugomvi wao uleule. Mi naona ni kwa sababu hamna aliyewauliza wao wangefanyaje.

Augusto Boal, mwongozaji wa maigizo wa Brazil, alikutana na hili mwaka 1973 akiwa Peru kwenye mpango wa kufundisha watu wazima kusoma. Mama mmoja alileta kisa chake kiigizwe: mume alikuwa anachukua hela zake akidai anajenga nyumba, anampa makaratasi anasema ni risiti, mama hajui kusoma anayatunza tu, siku anamwomba jirani amsomee kumbe ni barua za mapenzi za mwanamke mwingine. Sasa mume anarudi, mke afanyeje? Watazamaji wakatoa mawazo na waigizaji wakawa wanayajaribu moja moja. Mama mwingine kwenye watazamaji akasema aongee naye waziwazi kabisa ndo amsamehe. Wakaigiza, akakataa, sio hivyo. Wakarudia, akakataa tena na hasira zinampanda, mpaka Boal akamwambia basi panda uonyeshe mwenyewe. Akapanda, akashika ufagio, akamtandika yule mwigizaji wa watu, alipomaliza akamwambia nimekusamehe, haya kaniletee chakula.

Sisemi watu wachapane. Nachosema ni kwamba waigizaji wasingeweza kukisia alichonacho moyoni hata wangekesha, ilibidi aingie mwenyewe. Na ndo mtindo ulioendelea baada ya hapo, igizo linaishia pabaya makusudi, linaanza upya, mtazamaji anasema simama, anachukua nafasi ya anayeonewa na kujaribu njia yake, ikigoma anakuja mwingine.

Kabla ya hapo daktari Jacob Moreno kule Vienna na baadaye Marekani alikuwa anatibu watu kwa maigizo, na kitu kimoja alichotuachia mi nakipenda sana, kubadilishana nafasi. Niliwahi kukiona kwenye kikundi cha kina mama, mkwe na mkamwana wake hawasemeshani, wakaombwa wabadilishane. Mkamwana akaja jikoni kama mkwe, akafunua sufuria bila kusalimia, akasonya, akaondoka. Yule mama mtu mzima aliyekaa kwenye kigoda kama mkamwana akabaki kashika mwiko, akasema taratibu "mama, nitaongeza chumvi", machozi yakaanza kumtoka na akaanza kumsimulia mkamwana wake jinsi mkwe wake yeye, marehemu, alivyokuwa anamfanyia hivohivo. Vikao vya familia walikuwa wameshakalishwa na hakuna kikao kilichowahi kufika huko.

Na wala sio mambo ya wazungu haya. Watani misibani wanafanya toka enzi, mtani anavaa shati la marehemu, anatembea kama yeye, anauliza mbona chai yangu haijaja, mjane anacheka huku analia na kifua kinapata nafuu kidogo. Hakuna aliyesomea pale ila kila mtu anajua mtani anaruhusiwa kufanya nini na wapi anaishia.

Huo mpaka ndo vikundi vyetu vingi havina, na mi inanitia hofu. Mtu aliyebakwa, au aliyeona ndugu yake akiuawa, usimsimamishe mbele za watu acheze kisa chake mwenyewe eti atoe ya moyoni, utamrudisha kulekule na wewe kesho haupo. Tunga mhusika mwingine, mpe jina lingine, na awepo mtu mwenye ujuzi wa ushauri nasaha. Halafu mkimaliza mvueni kila mtu uhusika, aseme jina lake halisi, akae na wenzake aongee alivyojisikia, hasa aliyecheza mbakaji au mpigaji, maana watoto wa pale mtaani kwake wataanza kumwita kwa lile jina la kwenye igizo na inauma. Huwa hizo dakika ndo zinakatwa za kwanza mgeni rasmi akichelewa. Naomba kwa dhati ikatwe hotuba yake badala yake.