Mdogo?

Waheshimiwa, Pijo 504 yangu imegoma tena, na safari hii imechagua mbele ya kituo cha daladala, asubuhi, abiria wote wakitazama. Gari lenye historia! Ndugu zake walibeba Safari Rally mwaka 1975, wakarudia 1978. Leo linashindwa kutoka kituoni. Linazungusha weee, haliwaki.

Ukikwama mjini hapa kila mpita njia ni fundi. "Mafuta hayo." "Betri hiyo." Konda mmoja kaning'inia mlangoni: "Mzee, peleka makumbusho!" Nikamnyamazia. Nina umri wangu.

Akaja fundi mwenyewe, kandambili mguuni, bisibisi mfukoni. Akachomoa plagi, akaichomeka kwenye waya wake, akaiegemeza kwenye bloku. "Piga selfu, bosi." Hata cheche. Akatoa balbu ya indiketa iliyofungwa nyaya mbili, ndicho kipimo chake hicho. Akaigusisha kwenye koili, ile inayolisha plagi umeme, upande wa chanya, ikawaka. Upande wa hasi, ikawaka ikaganda, haipepesi. "Umeme unafika, platini hazigusani." Ndivyo vile vibati viwili vya kukata na kuunga umeme. Akafungua distribyuta, zinamokaa platini, taratibu kama anafunua maiti. Platini nyeusi, moja ina kichunusi, mwenzake kishimo. "Kondensa imekufa. Hiyo ndiyo inazikinga na cheche, bila yake zimeliwa."

Akapiga msasa. Nafasi ya platini haifiki nusu milimita, basi akaipima kwa vocha iliyokwanguliwa. Nikamtazama. "Mzee wangu, vocha za siku hizi nyembamba, lazima uikunje."

Sawa. Kisha akasema, "Nishikie huu waya, karibu na bodi, nipige selfu."

Mimi. Babu wa watu, shati jeupe, bahasha ya mafao kwapani. Nikashika.

Betri ni volti 12 tu, jamani, lakini koili inazigeuza kuwa maelfu, na maelfu hayo yalipita kiwikoni kwangu bila kubisha hodi. Bahasha kule, kandambili ya mtu kule, na neno lililonitoka sitalirudia mbele ya watoto. Fundi akachungulia kutoka kwenye usukani, uso umejaa furaha.

"Moto upo, bosi! Ila mdogo."

Mdogo! Mkono unacheza wenyewe, yeye anasema mdogo! Anataka ukubwa gani, nidondoke?

Tukafuata kondensa mpya, duka la spea nalo: "Orijino au ya kawaida?" Tofauti yake? "Orijino ina bei." Kidude chenyewe kama ncha ya kidole. Kikafungwa, cheche ikatoka ya buluu, inalia tak-tak, gari likanguruma.

Hapo ndipo nikaona foleni dirishani. Ni wale waliolisukuma pembeni, wanataka ya soda. Na nyuma yao yule aliyesema "betri hiyo", eti naye alichangia mawazo. Soda zenyewe zimepanda bei, chupa inazidi kuwa ndogo, na muuzaji hana chenji tangu enzi za Mwinyi. Hivi chenji za nchi hii zinakaa wapi?