Leo nimeshinda naitukana nyumba yangu mwenyewe

Jamani, mtu mzima nimevaa koti, nimechana nywele, nimekaa mbele ya kijana wa juzi namweleza kwa sauti ya chini kabisa kwamba nyumba yangu ni mbovu. Mimi huyu! Ambaye wakwe wakija nawazungusha chumba hadi chumba naisifia mpaka wanaaga kabla ya muda.

Ile barua ya makadirio ya kodi ya jengo mnaijua, msinifanye nianze kuieleza. Ya kwangu imekuja na tarakimu ndefu nikasema hii ya benki pale njia panda, mleta barua kakosea geti. Nasoma tena, jina langu, kiwanja changu. Eti thamani ya soko. Soko gani hilo? Nileteeni huyo mteja wa kutoa hiyo hela, leo hii namkabidhi funguo, na mbwa namwachia.

Haya, kata rufaa. Siku za rufaa zinahesabiwa toka tarehe iliyopigwa kwenye barua, siyo siku barua ilipokufikia, na hii ya kwangu nadhani ilikuja kwa miguu tena ikipumzika njiani. Hela unalipa kwanza, ukishinda ndo wanaangalia namna ya kukurudishia. Halafu chini kabisa, kwa maandishi ya sisimizi, wanasema thamani inaweza kushushwa, kubaki vilevile au KUPANDISHWA. Yani unaenda kushtaki umepigwa kofi, hakimu anakukagua kama shavu la pili lipo.

Nikaenda hivyohivyo. Dirisha la kwanza wakanituma la tatu, la tatu mtandao uko chini, kalamu imefungwa kikamba kifupi unaandika umepinda kama unatafuta sarafu. Hayo tumeshazoea.

Balaa lilianza kwa huyo kijana. Na mama watoto nilikuwa naye, sikumwita, kajileta, anasema nikienda peke yangu nitaonewa.

Nimeanza kwa heshima zote, bwana ofisa, hali ni ngumu, kodi hii ni kubwa mno. Kanikatisha kwa adabu ambayo inauma kuliko tusi. "Mzee, hapa hatuongelei kodi. Kiwango wanapanga wengine. Hapa unapinga thamani tu, na wewe ndo unaleta ushahidi." Ushahidi niulete mie! Wao hata sebuleni hawajaingia, wamethamini mtaa mzima kwa mkupuo kwa kanuni ya ukubwa na umri wa jengo, ila mie ndo nihangaike na vielelezo.

Sawa. Nikatoa picha. Ya kwanza ufa wa ukuta wa nyuma, ufa umekomaa, mkono unapita.

"Huu umetokea lini mzee?"

"Mvua hizi hizi."

"Basi hauhusiki. Tarehe ya uthamini ni kabla ya mvua. Siku ile ukuta ulikuwa mzima."

Nikamwambia mwanangu, mimi silali siku ile, nalala leo, na upepo unaingia leo. Akatabasamu. Akaandika kitu. Hawa watu wakiandika ujue siyo cha kukusaidia.

Picha ya pili, dari la chumbani lina ramani ya maji. Hapo nikaweka na huzuni kidogo usoni. Mama watoto akachungulia, akaruka: "Hee! Hii si ya kabla hatujapaka rangi? Kijana usimsikilize huyu, ananiaibisha, nyumba yetu nzuri tu, na jikoni nimeweka vigae vipya." Kijana akanyanyua kichwa. "Vigae vya lini, mama?" Nikamkanyaga mguu chini ya meza. Akaniuliza kwa sauti, ofisi nzima inasikia, "Sasa mbona unanikanyaga?"

Nikaomba basi tuone kwenye faili lao nyumba yangu imeandikwaje, maana niliambiwa makosa mengi yanakaa humo. Akageuza skrini. Vyumba vinne. Viko vitatu, cha nne ni stoo, ukifungua mlango ndoo zinakusalimia. Mabafu mawili. La pili lina sinki na kioo ila bomba halijawahi kuunganishwa, maji hayajui kama lile bafu lipo. Halafu mstari wa mwisho: bwawa la kuogelea, moja.

Bwawa! Nikacheka mpaka askari wa mlangoni akasogea. Kijana akavuta picha ya kutoka angani, na kweli uani kuna kitu cha buluu kinang'aa. Nikamwambia hilo ni turubai. Nilidhani hapo nimeshinda. Maana haya mambo ya kusaka mabwawa kwa picha za juu yapo kweli, Ufaransa mwaka 2022 waliwanasa wenye mabwawa yasiyoandikishwa zaidi ya 20,000 kwa kompyuta kupekua picha za angani, ila wale angalau walikuwa wanaogelea!

"Turubai limefunika nini, mzee?"

"Matofali."

"Ahaa. Kwa hiyo kuna ujenzi unaendelea?"

Ndugu zangu, nilitamani nirudi kwenye bwawa. Nikasema hapana, matofali ya zamani, hela iliisha, yameota majani, yatafia pale. Na mama watoto, kwa machungu ya miaka yote aliyoyatazama hayo matofali, akageuka: "Yani huo mpango wa chumba cha wageni umeshaufuta? Kumbe ulikuwa unanidanganya?" Kijana kaweka kalamu chini kabisa, anatusikiliza sisi.

Nikajitetea kwa karata ya mwisho, nyumba ya jirani inafanana na yangu, imeuzwa juzi kwa bei ya chini sana. Kaniuliza nani kanunua. Shemeji yake. Haihesabiki, anasema, mauzo ya ndugu kwa ndugu siyo bei ya soko, lete za watu wasiojuana. Sasa mtaani kwetu asiyejuana na mwenzie yuko wapi, hata paka wana undugu.

Afadhali hao Waingereza wa zamani. Kuanzia 1696 mpaka 1851 walikuwa wanatozwa kodi kwa idadi ya madirisha, na watu hawakwenda kupanga foleni popote, waliziba madirisha kwa matofali, kwisha. Na mimi matofali si ninayo? Nimemwambia mama watoto wazo hilo njiani, hakunijibu, alikuwa bado na la chumba cha wageni.

Mwisho wa yote kijana kasema bwawa atalifuta ila hayo mengine lazima mkaguzi aje aone kwa macho. Nikashukuru. Aje! Aione stoo, alifungue lile bafu asikilize bomba likipuliza hewa, nimeshapanga nitampitisha wapi na wapi asimame muda mrefu.

Tumefika nyumbani, mdogo wetu keshatangaza kwa wenzie kwamba serikali imesema tuna bwawa, kuna mtoto kaja na taulo. Huyo nimemrudisha kwao. Kinachonimaliza ni mama yao, kasikia neno mgeni anakuja, tena mgeni wa serikali, ndo basi tena. Mapazia yameshushwa yanafuliwa, ndoo zimetolewa stoo, kitanda kinaingizwa humo, stoo inageuka chumba cha kulala mbele ya macho yangu. Namwuliza unafanya nini, ananiambia kwani unataka mtu aende kutusema huko ofisini kwao?

Na hapa navyoandika kuna mtu anagonga geti. Nimechungulia. Fundi bomba.