Huku wanakosea kwa roboti, kwetu tunakosea kwa watoto

Jamani mi niko Uingereza mwaka wa tatu sasa nasomea saikolojia, na kuna kitu huku kila nikikiona naikumbuka Mbagala. Chuoni kwetu kabla hujaruhusiwa kumkalia mtoto wa mtu na vipimo vya akili unaanza na karoboti kanajifanya ndo mtoto anayepimwa, kanaitwa NAO, kalibuniwa na Wafaransa, urefu sentimita 58 tu yaani ukikakalisha kitini miguu inaning'inia. Anayekaendesha yuko chumba cha pili, anakafanya kachoke, kagome, kaulize "nimepata?" na hapo ndo wengi tunaanguka, maana kipimo kama cha Wechsler, kile cha watoto wa miaka 6 mpaka 16, maelekezo unayasoma kama yalivyoandikwa, namba za mtoto kuzirudia unazitaja moja kila sekunde, na huruhusiwi kumwonyesha mtoto kuwa kapata au kakosa. Mi nilikosea nikarudia mara nne na karoboti hakakuumia popote. Mtoto halisi humrudii hivyo, akishayaona maswali mara moja alama zinapanda kwa mazoea tu.

Sasa nyumbani. Mtoto wa dada yangu alipimwa akiwa darasa la pili, mpimaji mwanafunzi, ana haraka, maswali anayatafsiri palepale kutoka Kiingereza, mtoto kanyamaza anang'ata kola ya sare, ikaandikwa uelewa mdogo. Mtoto huyohuyo anatumwa dukani na noti ya elfu kumi, vitu vinne, hana karatasi, chenji inarudi kamili! Dada alilia wiki nzima. Yule kijana simlaumu kiukweli, angejifunzia wapi zaidi ya pale.

Ila tukileta karoboti Muhimbili au Chuo Kikuu pale Mlimani tusikalete na tabia za huku. Ka huku kanakukazia macho, kanabisha, kanasema sitaki. Mtoto wetu mbele ya mtu mzima asiyemjua anatoa shikamoo, anainamisha kichwa, anangoja, na ule ukimya ni adabu aliyofunzwa na bibi yake, mpimaji asiyejua hilo anampa sifuri. Basi karoboti kaongee Kiswahili na kanyamaze kama wetu wanavyonyamaza, na wa kukafundisha ni walimu wa chekechea wa Temeke, wao ndo wanawajua.

Mi nimeshaanza kukaandikia karoboti majibu ya mtoto wa hivyo, dada ananirekodia mwanae kwa simu. Jana mgeni kamuuliza anasoma wapi, nikahesabu, sekunde 11 kimya, halafu akajibu vizuri kabisa mpaka jina la mwalimu.