Mtoto wa kilo 8 kwenye WhatsApp

Machi 2020, vyuo vya Kenya vilipofungwa kwa ajili ya Korona, nilirudi nyumbani Kilifi nikiwa mwaka wa tatu wa udaktari. Masomo yakahamia kwenye simu. Nimesoma kwa Zoom, kwa video zilizorekodiwa, kwa kadi za Anki, programu ya simu inayokuuliza maswali ya kukariri, na kwa kundi la WhatsApp, na nikiulizwa ipi ilinifaa zaidi sisiti: WhatsApp. Cheka tu.

Zoom ilikuwa ukumbi uleule, ila bila viti. Mhadhiri akisoma slaidi saa mbili mfululizo, sisi kamera tumezima. Siku moja aliuliza kama kuna swali, kimya, akaaga akaondoka. Nusu saa baadaye majina zaidi ya ishirini yalikuwa bado yamo "darasani". Wenyewe walikuwa wapi, Mungu ndiye ajuaye. Bando lilikuwa linakwisha bure.

Video zina nafuu, kwa sababu unasimamisha na kurudia. Lakini kule kurudia kunahadaa: jambo likishazoeleka machoni unadhani umelijua. Wanasaikolojia Roediger na Karpicke walilionyesha hilo mwaka 2006. Waliosoma matini tena na tena walikumbuka zaidi baada ya dakika 5, ila baada ya wiki moja waliojipima kwa kukumbuka waliwapita. Kwa hiyo Anki naiheshimu sana kwa dozi na majina ya neva, ingawa kadi haikuulizi "kwa nini?"

Mwalimu wetu wa magonjwa ya watoto alituuliza. Kila baada ya Magharibi alituma kwenye kundi la WhatsApp maneno matupu, hakuna picha: "Mtoto wa miezi 9, kilo 8, anaharisha siku ya tatu. Macho yamezama, hawezi kunywa, ngozi ya tumbo ikifinywa inarudi polepole mno. Una dripu ya maji ya Ringer. Haya."

Nikawahi kujibu. Mililita 30 kwa kila kilo, basi 240 kwa nusu saa. Halafu 70 kwa kilo, yaani 560 kwa saa mbili na nusu. Nikajiona bingwa. Yeye hakusema kitu mpaka watu watano walipojibu, ndiyo kawaida yake, kisha ikaja sauti: "Hesabu yako safi, daktari. Sasa rudi ukasome umri."

Mwendo ule ni wa mtoto aliyefikisha miezi 12. Huyu wa miezi 9 anapewa zile 240 kwa saa nzima, na 560 kwa saa tano. Kundi zima lilishuhudia nikikosea, na kosa lile sijalirudia tena. Slaidi za siku zile sikumbuki hata moja.

Kundi lilikuwa na kasoro zake. Wenye haya walinyamaza, na wawili watatu tulijaza uwanja. Picha za wagonjwa alizipiga marufuku tangu siku ya kwanza, na nadhani aliyefanya hivyo ni mwalimu hasa. Nimeona makundi ya madaktari wazima yakirushiana vidonda vya watu kama vichekesho. Lakini chuo kinachotaka kununua mfumo wa mamilioni ili kirekodi mihadhara, kingempa kwanza mwalimu kama huyu muda na bando.

Kuna mahali yeye pia hakuweza kutufikisha. Tuliporudi wodini nilikutana na mtoto wangu wa kwanza aliyekaukiwa maji. Nikamfinya tumbo kwa madaha, ngozi ikajikunja kukata tumbo upande hadi upande. Sista mmoja mtu mzima akanishika mkono taratibu, akaugeuza. "Mwanangu, mkunjo uende kwa urefu wa mwili. Katikati ya kitovu na ubavu, hapa. Haya, achia, uhesabu."

Video ya kipimo kile nilikuwa nimeitazama mara tatu.